Kabla ya kuonesha video, uliza: jibu kwa mwalimu wa Fizikia wa Micheweni

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, Kidato cha Pili, katika skuli moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Darasa langu lina wanafunzi 68. Skuli ina projekta moja na kompyuta chache, nyingi zao hazifanyi kazi, na intaneti ninayotumia ni ya bando la simu yangu mwenyewe. Tangu muhula uliopita nimekuwa nikionesha video za Fizikia, na wanafunzi wanazipenda mno, hata hutulia kuliko siku nyengine. Lakini nikiwapa jaribio dogo juu ya mambo yale yale, majibu ni kama hawakuona kitu. Mwalimu mkuu naye anataka kila kipindi kitumie teknolojia. Nifanye nini ili vyombo hivi visaidie kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Nashukuru kwamba ulipoona tafauti kati ya utulivu wa darasa na majibu ya jaribio hukuipuuza, kwa sababu walimu wengi huishia kwenye utulivu wakaamini kuwa somo limefika. Utulivu huo una maelezo yake. Video iliyotengenezwa vizuri humwondolea mtazamaji kila kizuizi: sauti ni laini, picha zinafuatana kwa mpango, na mwanafunzi hujihisi anafahamu muda wote picha zinapopita, ilhali hakutakiwa kukumbuka, kukisia wala kutetea jambo lolote. Jaribio ndiyo mara ya kwanza anapotakiwa kufanya hivyo, na hapo hujikuta hana cha kushika. Kwa hiyo tatizo lako liko katika mpangilio wa kipindi, wala usiilaumu video au uchache wa kompyuta. Mwanafunzi inampasa aandike jibu lake kabla hujamwonesha chochote, kisha aone kwa macho yake jibu hilo likithibitishwa au likipingwa.

Nitaeleza kwa kutumia mada ya mkondo wa umeme, ambayo wanafunzi wa nchi nyingi huikosea kwa namna moja. Chora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana zilizofungwa mfululizo, kisha uliza ni ipi itakayowaka zaidi: (a) iliyo karibu na ncha chanya ya betri, (b) iliyo karibu na ncha hasi, (c) zote sawasawa, au (d) hakuna itakayowaka. Mpe kila mwanafunzi dakika moja aandike herufi daftarini pamoja na sentensi moja ya sababu, bila kuzungumza na jirani. Halafu wote kwa pamoja wanyanyue kadi zenye herufi, ambazo unaweza kuzikata kutoka kwenye maboksi matupu ya dukani na zikatumika mwaka mzima. Usishangae ukiona kadi za (a) ni nyingi. Wengi huamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo na ya pili hupata masalio. Imani hiyo ina mantiki kwa mtoto, kwa sababu kila kitu anachokiona kikitumika nyumbani hupungua, na ndiyo maana haiondoki kwa kuambiwa tu kuwa si sahihi.

Usitoe jibu bado. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tafauti na yake, na kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake kwa muda wa dakika tatu, kwa Kiswahili kama ndicho kitakachowafungulia vinywa, ingawa mtihani utakuwa wa Kiingereza. Kisha wapige kura tena. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kutumia utaratibu wa namna hii katika madarasa yake ya Fizikia mwaka 1991, alipobaini kuwa wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini dhana zenyewe hawazifahamu. Darasa lake lilikuwa kubwa kama lako au zaidi, na utaratibu wenyewe unakwenda vizuri kwa kadi au vidole bila ya chombo chochote cha umeme.

Sasa darasa zima lina hamu ya kujua nani yuko sahihi, na hapo ndipo chombo kinapopata kazi. Hata hivyo, nakusihi uanze na kitu halisi. Betri mbili za tochi, balbu mbili ndogo na nyaya vinapatikana Konde au Wete kwa fedha ambazo skuli inaweza kuzimudu, na ukiweza kupata seti sita ni bora zaidi, kwani watakaa vikundi na kufunga wenyewe. Wataona balbu zote mbili zinawaka takriban sawa, na watakaobadilisha nafasi za balbu wataona hali haibadiliki. Nimesema takriban kwa sababu balbu za dukani hazilingani kabisa, na mwanafunzi mwenye jicho kali atakuambia moja imepita nyengine kidogo. Mpongeze, kisha mwambie abadilishe nafasi zake aone kama tafauti hiyo inaifuata balbu au inaufuata upande wa betri. Hilo ni somo kubwa la kisayansi ambalo hakuna video itakayolitoa.

Kilichobaki kuoneshwa ni kile ambacho macho hayakioni, yaani kinachopita ndani ya waya. Hapa projekta inastahili kuwashwa. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, hutoa bure majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, na kadhaa kati yake yamefasiriwa kwa Kiswahili. Mengi yanapakuliwa yakatumika bila ya intaneti, kwenye kompyuta au hata kwenye simu. Chukua lile la kuunga mizunguko ya umeme, funga betri na balbu mbili kama ulivyochora ubaoni, kisha weka ammita, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza. Kabla hujaihamisha kuipeleka baina ya balbu mbili, simama uulize: itasoma zaidi, chini yake, au sawa? Waandike. Ndipo uihamishe. Waandike tena kabla hujaipeleka baada ya balbu ya pili. Wakiiona namba ile ile mara tatu, waulize basi ni kitu gani betri inapoteza hadi ikafa, na hapo utakuwa umefungua mlango wa kutafautisha mkondo na nishati: mkondo unaopita ni mmoja katika mzunguko mzima, na nishati ndiyo inayotolewa kwenye balbu kwa sura ya mwanga na joto.

Jambo moja usiache kuwaambia: vidoto vinavyotembea ndani ya waya katika jaribio hilo ni mfano tu. Elektroni halisi katika waya wa kawaida husogea polepole sana, chini ya milimita moja kwa sekunde kwa mkondo mdogo, na balbu huwaka papo hapo kwa sababu zote huanza kusukumwa karibu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo atatoka darasani na kosa jipya alilolipata kwenye skrini, na makosa ya skrini ni magumu kuyang'oa kwa kuwa yamekuja na picha nzuri.

Utaona kwamba katika kipindi kizima projekta imewaka kwa dakika kumi pengine, na muda uliobaki wanafunzi wameandika, wamebishana na wameshika nyaya. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza, na hapa Zanzibar si kigeni. Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Elimu, kwa kushirikiana na shirika la EDC la Marekani, ilianzisha masomo ya redio kwa watoto wadogo yaliyojulikana kwa jina la Tucheze Tujifunze. Chombo chenyewe kilikuwa redio tu, lakini vipindi viliandaliwa kwa mtindo wa kuuliza kisha kunyamaza, ili watoto wajibu, waimbe au wafanye kitendo kabla sauti haijaendelea. Nguvu ya mtindo huo iko katika ule muda wa kunyamaza. Video nyingi unazozipakua hazina nafasi hiyo, kwa hiyo ni juu yako kuitengeneza kwa kidole chako kwenye kitufe cha kusimamisha.

Nikiendelea na video, naomba ufanye mambo matatu. La kwanza, usioneshe video nzima. Tafuta kipande cha dakika tatu au nne kinachojibu swali uliloliuliza, na uandike kwenye andalio la somo dakika na sekunde ya kuanzia na ya kusimamia. La pili, jaribu kuizima sauti na kueleza mwenyewe. Video nyingi zina msemaji wa Kiingereza cha nchi za mbali, anayezungumza haraka, na mara nyingine maandishi yanapita chini yake kwa wakati ule ule, hivyo mwanafunzi anafuata picha, lafudhi na maandishi kwa pamoja na hakuna anachokidaka. Utafiti wa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, umeonesha kwa muda mrefu kuwa picha pamoja na maelezo ya kusikilizwa hufundisha vizuri zaidi kuliko kulundika maandishi yale yale juu yake, na kwamba kukata maelezo vipande vipande humsaidia anayejifunza jambo geni. Sauti yako wanaizoea, unajua walipokwama, na unaweza kutaja istilahi ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani huku ukiifafanua kwa mfano wanaoujua. La tatu, ukishamaliza, zima projekta kabisa na waambie wachore walichokiona bila ya kutazama popote. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa waliorudia kusoma maandishi walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi. Nadhani maelezo ya majaribio yako madogo yamo humo humo.

Sasa nije kwenye simu yako, ambayo naona umeitaja kwa ajili ya bando tu. Kwa mwalimu wa Pemba, kazi bora ya simu ni kuingiza darasani vitu vilivyo nje ya ukuta wa skuli. Piga picha za transfoma ya kijijini, nguzo na vikombe vyake, mita ya umeme, paneli ya jua juu ya banda la dagaa. Umeme unaowaka Pemba umekuwa ukipita kwa waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga tangu mwaka 2010, na kabla ya hapo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli. Wazee wa wanafunzi wako wanazikumbuka hali zote mbili. Swali la kwa nini umeme husafirishwa kwa volti kubwa kisha ukapunguzwa karibu na nyumba lina uzito mwengine kabisa likianza na picha ya transfoma wanayoipita kila asubuhi.

Mfano wa pili naupenda zaidi, ingawa utahitaji kushirikiana na mwalimu wa Jiografia. Chagueni nguzo moja ya gati au jiwe moja la pwani, na kila siku kwa wiki mbili, saa ile ile, mtu mmoja alipige picha kutoka sehemu ile ile. Wanafunzi wanajua bamvu (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo) kwa kuishi nayo. Wengi wana baba, mjomba au mama anayepanga safari ya uvuvi au kazi ya mwani kwa kuyafuata. Wanachokosa ni kuunganisha ujuzi huo na kitabu. Zile picha 14 zikipangwa kwa mfuatano ukutani kwa projekta, wataona maji ya saa ile ile hayakai pahala pamoja, kwa sababu kujaa kwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Waulize kwanza wakisie itakuwaje siku ya nane, halafu waoneshe. Baada ya hapo wape jedwali la utabiri wa maji, wachore grafu ya kujaa na kupwa kwa mwezi mmoja na kuweka alama siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Watagundua wenyewe kuwa bamvu hufuata siku hizo, pale jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja, na kwamba katika mwambao wetu tafauti baina ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu inaweza kukaribia mita nne. Grafu hiyo imetokana na macho yao, picha zao na jedwali la mtandaoni, na naamini hawataisahau haraka.

Kuhusu intaneti, usiitegemee ndani ya kipindi hata siku moja. Pakua kila kitu siku kabla, mahali penye mtandao mzuri na wa bei nafuu, kwa mfano kwenye Kituo cha Walimu kilicho karibu nawe kama kina huduma hiyo, na hifadhi kwenye flashi mbili, kwani flashi hufa. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na kuisoma bila ya mtandao. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kubwa mno kwa simu ya kawaida, lakini yapo makusanyo madogo ya masomo maalumu. Ikiwa kati ya kompyuta zenu imo moja nzima, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri inayoweza kuwekwa humo pamoja na video na mazoezi, na kompyuta hiyo ikavigawa kwa vifaa vyengine kupitia ruta ndogo bila ya intaneti yoyote. Mwombe fundi au mwalimu wa kompyuta akusaidie mara moja, baada ya hapo utajiendesha. Ama umeme ukikatika, swali, kadi na betri za tochi vipo pale pale, na kipindi kinaendelea.

Suala la mwalimu mkuu linahitaji hekima, kwa sababu nia yake ni njema. Mweleze kwa heshima kwamba wingi wa vifaa na wingi wa matumizi havijathibitika kuwa ndivyo vinavyoinua masomo. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto kwa kiwango kikubwa, na utafiti uliofanywa katika skuli 319 za msingi za vijijini, ukatolewa mwaka 2012, ulikuta kompyuta zimefika na zinatumika zaidi, lakini haukupata ushahidi wa mabadiliko katika matokeo ya Hisabati na lugha. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu nayo ilisisitiza kuwa chombo kiingie pale kinapomfaa mwanafunzi, chini ya uongozi wa mwalimu. Badala ya kila kipindi, mpendekezee kwamba kila mwalimu wa sayansi achague mada mbili kwa muhula ambazo wanafunzi hukosea zaidi, aziandae vizuri kwa vyombo, na maandalizi hayo yawekwe kwenye flashi ya skuli ili mwakani mwalimu mwengine asianze upya. Pendekezo hilo pia litapunguza ugomvi wa nani aichukue projekta siku gani.

Pana mipaka ambayo ningependa uichunge. Usitoe kazi ya nyumbani inayohitaji simu au bando pasi na kutoa kazi hiyo hiyo kwenye karatasi, kwa sababu mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu moja, nayo iko kwa baba aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, atakuwa ameadhibiwa kwa jambo lisilo lake. Kundi la WhatsApp la wazazi litumike kwa matangazo, na matangazo hayo yaandikwe pia ubaoni. Picha na video za wanafunzi unazozipiga kwa ajili ya somo zibaki kuwa za somo. Usiziweke mitandaoni, hata kama mzee mmoja amefurahi na kuomba, na ukimaliza kuzitumia zifute. Picha za mikono inayofunga nyaya zinatosha, sura hazihitajiki.

Pengine utaulizwa pia juu ya programu za akili mnemba zinazoandika maswali na maandalio ya masomo. Zinaweza kukupunguzia kazi ya kutunga maswali ya kuchagua, na nakushauri uziombe hasa majibu ya uongo yenye kushawishi, kwa kuwa swali zuri la kupigia kura linategemea majibu hayo. Lakini hutoa makosa kwa lugha ya kujiamini, katika Fizikia na zaidi katika mambo ya kwetu, kwa hiyo kila swali likokotoe mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani.

Mwisho, umeuliza ufanye nini ili vyombo visaidie kweli, na njia ya kujua ni rahisi kuliko unavyodhani. Kwa kila mada utakayoiandaa, hifadhi hesabu ya kura ya kwanza ubaoni: wangapi (a), wangapi (b), wangapi (c), wangapi (d). Baada ya wiki mbili, bila ya kutangaza na bila ya projekta, uliza swali la aina ile ile lililobadilishwa sura. Kwa balbu mbili weka tatu, au weka swichi upande mwengine wa betri. Waandike kwa dakika mbili, usiwape alama, na hesabu tena. Linganisha namba hizo na za mada uliyofundisha kwa chaki peke yake. Ikiwa hakuna tafauti, kipande hicho cha video au jaribio hilo la kuigiza liache bila ya huruma na utafute swali bora la kuanzia, maana mara nyingi swali ndilo lililokuwa dhaifu. Ikiwa tafauti ipo, mpelekee mwalimu mkuu karatasi yenye namba hizo mbili pamoja na andalio la somo.